Fuata Maji

Hotuba niliyoitoa Mwanga, mjini Kigoma, mbele ya mama lishe na wenye nyumba za wageni

Shikamooni wazee wangu. Dada zangu, kaka zangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenitambulisha kwenu kwa jina la fundi, na nimemwona fundi wa kweli kule nyuma akijifuta mdomo ili asicheke. Cheka tu, kaka yangu. Mimi ni mpishi. Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane kule Bangwe, na nina mashine moja ya kuoshea vyombo ambayo nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyofungua sanduku langu la vitenge. Ufundi wangu wote ni huo.

Walio na mashine kama hiyo, nyumbani au kazini, naomba mikono juu. Mmoja, wawili… watano. Haya, na kati yenu, ni nani imemharibikia na sasa anawekea mboga? Watatu! Msione haya. Yangu ilikaa na viazi miezi minne.

Niliinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba wake akawa anauza vitu vya ndani kabla ya kusafiri. Ilikuja bila kitabu cha maelekezo, na mpira wake wa maji machafu umekatwa kwa kisu. Mwezi wa kwanza nilijiona malkia. Mwezi wa pili, jioni moja, wageni wamekula migebuka kwa mawese, nikapakia sahani, nikabonyeza, nikaenda kutandika vitanda. Narudi jikoni: taa inapepesa, mashine inalia pii pii, nafungua mlango nakuta maji ya rangi ya machungwa yametuama chini kama dimbwi la masika.

Nikaita fundi. Simtaji, na hayupo hapa. Alikuja na testa ya bisibisi, akagusa huku, akagusa kule, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. "Mama, bodi imeungua. Mpya ni laki nne, tunaagiza Dar." Akachukua elfu thelathini yake ya kuangalia, akaenda. Laki nne sikuwa nayo. Nikachota yale maji kwa kikombe, nikapanga viazi.

Miezi minne baadaye kukawa na harufu. Nikadhani kiazi kimeozea ndani. Nikatoa viazi vyote, nikatoa vichanja, nikatoa chujio, harufu bado. Chini ya chujio nikaona kifuniko kidogo cha plastiki, ukubwa wake kama kiberiti. Nikakibenua kwa kijiko. Ndani kuna kipanga cha pampu, yaani kile kipande chenye mapanga madogo kinachozunguka kusukuma maji, na kwenye kipanga umekwama mfupa wa mgebuka, umejikunja umeshika kabisa. Nikauvuta kwa koleo. Laki nne yangu hiyo, mkononi.

Bodi ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ile.

Sisemi yule kijana alitaka kuniibia. Kajifunzia kwenye redio na televisheni, kwa hiyo ubovu anautafuta kwenye umeme, mahali anapopajua. Lakini mashine ya kuoshea vyombo kazi yake ni kuzungusha maji. Umeme upo wa kuyasukuma na kuyapasha moto. Ndiyo maana nimekuja na maneno mawili tu leo: fuata maji. Yanaingilia wapi, yanapita wapi, yanatokea wapi. Usimwachie mtu akutajie bodi kabla hujatembea na maji njia nzima.

Wengi tunadhani mashine hujaa maji kama pipa. Haijai. Inachukua lita tatu, nne hivi, yanakaa chini kwenye kijibwawa. Pampu inayachota, inayarusha juu kupitia mikono yenye matundu, na mikono yenyewe inazungushwa na msukumo wa maji hayohayo yanapotoka. Yanagonga sahani, yanashuka, yanapita kwenye chujio, yanarushwa tena. Maji yaleyale. Yakichoka, pampu ndogo inayatupa nje, mashine inachukua mengine. Mwosho mzima unakula lita kumi hadi kumi na tano. Mimi kwa beseni, vyombo vya wageni wanane, nilikuwa namaliza ndoo mbili za lita ishirini, na bado mawese yananitazama.

Wazo hilo la kurusha maji badala ya kusugua lilifanikishwa na mwanamke, na ninapenda kumtaja kwa sababu watu hudhani mambo ya mashine ni ya wanaume. Josephine Cochrane, wa mji wa Shelbyville huko Illinois, Marekani. Mumewe alifariki mwaka 1883 akamwachia madeni. Akaijenga mashine yake kwenye banda nyuma ya nyumba, akisaidiwa na fundi mmoja, na hataza, ile hati ya haki ya uvumbuzi, akaipata mwaka 1886. Mwaka 1893 ikawa inaosha vyombo vya watu kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Sasa nani walioinunua? Wake wa matajiri? Hapana. Wenye hoteli na migahawa. Watu wenye sahani nyingi na muda mchache. Sisi.

Turudi kwenye maji. Kabla hujashika bisibisi, washa mashine ukae kwenye kigoda usikilize. Kwanza utasikia ngurumo fupi, anatoa mabaki ya jana. Kisha mluzi mwembamba: koki ya ndani imefunguka, maji yanaingia. Kisha kimya kidogo. Halafu shwaa, shwaa, shwaa, mikono inapiga maji kuta. Baadaye ngurumo tena, anamwaga. Sikiliza ni sauti ipi haikuja. Hakuna mluzi, au mluzi upo lakini kijibwawa kikavu? Tatizo liko kwenye kuingia. Maji yapo lakini shwaa hakuna? Pampu kubwa au mikono. Shwaa ipo lakini ngurumo ya mwisho inavuma bila maji kutoka? Kwenye kutoka. Kila kampuni ina namba zake za kutaja ubovu, zinazoandikwa kwenye kioo, na ukiwa na kitabu zitakusaidia. Mimi sina kitabu, nina masikio.

Kuingia. Kuna dada yangu wa Gungu mashine yake ilikuwa inagoma kabisa, inasubiri, inalia, inazima. Nikaenda kwake. Kitu cha kwanza nikauliza tangi liko wapi. Liko nje, limekaa juu ya matofali, urefu hata mita moja na nusu haufiki. Jamani, maji yanasukumwa na kimo. Kila mita kumi za kimo zinakupa bari moja ya msukumo. Mashine nyingi zinataka angalau nusu bari, chache zinakubali thelathini ya mia ya bari. Hesabuni wenyewe: tangi linatakiwa kuwa mita tatu hadi tano juu ya mashine. Lake lilikuwa linatoa maji ya kunawa, si ya kuendesha mashine. Alinunua pampu ndogo ya kusukuma, tatizo likaisha. Kipimo changu ni ndoo ya lita kumi: fungua koki ile mpira wa mashine unapofungwa, ndoo ijae ndani ya dakika moja. Isipojaa, achana na mashine, shughulika na maji kwanza.

Ikijaa, funga koki, fungua ule mpira wa kuingiza kwa nyuma. Ndani ya mdomo wake kuna kachujio kama ka chai, kadogo. Yangu nilikuta kutu na mchanga. Kavute kwa koleo ya mdomo mrefu, kasugue kwa mswaki wa zamani, karudishe. Dakika tano.

Sasa mawese, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hili hakuna kitabu cha Ulaya kitakachowaambia. Mnayajua mawese yetu. Asubuhi ya baridi chupa inakuwa nzito, huku chini yameganda, juu yanaelea. Sasa uyapeleke kwenye mwosho wa haraka wa maji ya vuguvugu. Yanatoka kwenye sahani, ndiyo. Yanakwenda wapi? Yanashuka kwenye chujio, yanakutana na ukoko wa ugali, vinashikana, vinapoa, vinakuwa kama udongo wa kufinyangia. Kesho yake maji hayapiti vizuri, pampu inarusha kidogo, vyombo vinatoka na unga mgongoni, na wewe unasema mashine imechoka. Haijachoka. Imekabwa.

Kwa hiyo mimi vyombo vya mawese naviosha kwenye nyuzi sitini na tano au sabini, hata kama mwosho huo unakula muda. Sahani nazifuta kwanza kwa karatasi au kwa kipande cha ugali kilichobaki, mbwa wananishukuru. Na kila usiku natoa chujio: unazungusha kuelekea kushoto, linachomoka, unalitenganisha, maji ya moto, sabuni, brashi laini. Steliwaya, hapana! Inatoboa wavu. Chujio lililoziba linakusumbua leo; lililotoboka linapitisha mifupa hadi kwenye pampu, na hadithi ya mfupa nimeshawapa. Ile rangi ya machungwa inayobaki kwenye vyombo vya plastiki msihangaike nayo, si ubovu. Anikeni juani, itafifia yenyewe.

Mikono nayo mnaijua sasa. Wa chini kwenye mashine nyingi unavutwa juu unatoka, wa juu unafunguliwa kwa kuzungusha. Utikise sikioni. Ukisikia cha-cha-cha kama kayamba, kuna punje za wali au mbegu za nyanya ndani. Niliwahi kukuta kijiti cha meno kimesimama kwenye tundu kama mlinzi. Mwagia maji mdomoni mwake, tazama yanatokea matundu mangapi.

Kutoka. Kabla ya pampu, chungulia mpira wa nyuma, kwa sababu ukiisogeza mashine kufagia, ukairudisha kwa nguvu, mpira unakunjika. Mpira huo upandishwe kwanza, uwe juu kiasi cha goti hadi kiuno, ndipo ushuke kwenye bomba la maji machafu. Ukiulaza chini moja kwa moja, maji yanajivuta yenyewe wakati mashine bado inaosha.

Ukifika kwenye pampu, chomoa plagi. Nasema chomoa, si zima swichi. Chota maji yote. Vaa glavu, kwa sababu glasi zikivunjika vipande vinakimbilia humohumo, na usitie kidole mahali usipopaona, tumia koleo. Ukishasafisha, zungusha kipanga taratibu. Kitakwenda kwa kudundadunda, kinashika, kinaachia, kinashika. Usiogope, hiyo ni sumaku ya mota. Kingekuwa kinazunguka laini kama feni ndipo ningekuwa na wasiwasi kwamba kimevunjika kwenye ekseli yake.

Sabuni nitasema kidogo tu, maana walioumia wanajua. Binti aliyekuja kunisaidia aliona dawa ya mashine imekwisha, akaweka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kijiko kizima. Povu lilitoka mlangoni likaenda hadi sebuleni, wageni wanapiga picha. Sabuni ya povu inafanya pampu imeze hewa badala ya maji. Chota povu, nyunyiza chumvi ya mkono mmoja, ongeza maji baridi, amuru mashine imwage, rudia mpaka liishe.

Lakini lile povu lilinifundisha jambo. Kesho yake mashine ikawa inanguruma tu, inamwaga maji yasiyokuwepo, hata nikiizima inaendelea. Nikasema sasa bodi kweli imekufa. Nikakumbuka: fuata maji. Nikafungua bati la chini mbele, nikamulika kwa simu. Chini kabisa kuna sinia, na ndani ya sinia maji, na juu ya maji boya dogo jeupe. Maji yakivujia pale boya linapanda, linabonyeza swichi, mashine inajitetea kwa kumwaga bila kukoma ili jiko lisifurike. Ilikuwa na akili kuliko mimi! Nikachomoa plagi, nikanyonya maji kwa tambara, nikaacha pakauke, ikawaka. Ila angalieni: kwangu chanzo kilikuwa povu. Kama sinia linajaa tena bila povu, kuna klipu ya mpira imelegea au raba ya mlango imepasuka, na kukausha peke yake ni kujidanganya.

Vyombo vikitoka baridi, na mafuta yamebaki, ni hita. Hapa inahitajika mita ya kupimia umeme, si testa. Plagi imechomolewa, unatoa waya wa hita, unapima. Hita ya wati 2,000 kwa umeme wa volti 230 inasoma kama omu 26. Yoyote kati ya ishirini na thelathini inakubalika. Mita isiposoma kitu, hita imekatika. Kisha pima kati ya mguu wa hita na bati la mashine: hapo mita haitakiwi kusoma kitu kabisa. Ikisoma, usiirudishe hiyo mashine kwenye umeme. Namwita kaka yangu aliyekaa nyuma, na nyinyi mwiteni.

Na siku yoyote ukigusa mlango wa mashine ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni, acha. Nyumba nyingi humu mjini ule waya wa kijani na njano umeishia ukutani, haukushuka ardhini kwenye chuma chake. Maji na umeme usio na njia ya kushuka ardhini, hilo halina mambo ya kujifunza mwenyewe.

Bodi huwa inaungua kweli, sikatai. Sisi tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, umeme unapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa, na ukirudi unarudi kwa kishindo. Kwa hiyo weka kifaa cha kulinda umeme. Lakini si kile kidogo cha friji! Wati 2,000 kwa volti 230 ni karibu ampea tisa, na vile vya friji vingi ni vya ampea tano. Nimenusa kimoja kikiungua. Chukua cha ampea kumi na tatu, na usipitishe kwenye waya wa kuunganisha mwembamba.

Maji ya bomba mjini hapa ni ya ziwa letu, na ziwa letu lina magnesi ya kutosha. Ndiyo ule ukoko mweupe kwenye birika la umeme. Hita nayo inauvaa. Mimi kila baada ya miezi miwili naweka siki kikombe kimoja kichanja cha juu, mashine tupu, maji ya moto. Si kila wiki, siki inachosha raba. Na lile tundu la chumvi pale chini linataka chumvi ya mashine, ya punje kubwa. Ya kupikia ina vitu vimechanganywa ndani, vinaziba.

Nimewaacha na mfupa mkononi, sikumaliza. Baada ya kuutoa nilidhani nimeshinda. Nikawasha. Maji yaliingia, mluzi ukaja, kisha… mmmmm. Inavuma, shwaa hakuna. Pampu kubwa imeganda. Miezi minne ya viazi, raba ya ekseli imekauka imeshikamana. Nikazima haraka, kwa sababu mota ikivuma hivyo bila kuzunguka inajiunguza.

Hapo nilimkumbuka babu yangu, aliyefanya kazi bandarini, na hadithi yake asiyoichoka. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makasha hadi hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wanakimbia, wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini mafundi wake kabla ya kuizamisha walipaka injini grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, miaka minane imekaa chini ya maji, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Babu alikuwa akifika hapo ananyoosha kidole: grisi!

Mimi ya kwangu sikuipaka kitu, niliipa viazi. Basi nikachomoa plagi, nikamimina birika la maji ya moto kwenye kijibwawa, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikafungua ubavu, nikashika feni ya nyuma ya mota kwa vidole viwili, nikaisukuma. Haikukubali. Nikasukuma tena, kidogo huku, kidogo kule, bila papara. Ikaachia, tak. Nikaizungusha mara ishirini. Nikawasha, nikakaa kwenye kigoda. Ngurumo. Mluzi. Kimya. Shwaa.

Wale watatu wenye mboga ndani, msiwashe kwanza mkifika nyumbani. Maji ya moto, usiku kucha, mkono, ndipo umeme.

Nimeleta pampu ya zamani, ile ndogo ya kumwaga, iko kwenye beseni hapa mbele, na mfupa wenyewe upo, niliuhifadhi kwenye kopo. Njooni muishike. Kaka yangu wa nyuma, wewe kaa karibu nami, najua wana maswali ya umeme. Nani anaanza? Njoo mama, weka mkoba chini. Zungusha kwa kidole. Umesikia inavyodunda?